Kosa la Dashibodi

Mtaani walimwita Bila Mkwaruzo, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Ukikaa naye kidogo tu, iwe msibani, iwe kwa kinyozi, iwe kwenye foleni ya kulipia maji, lazima angetafuta upenyo wa kuchomeka habari yake: "Mimi nimemwendesha mkurugenzi tangu nywele zake nyeusi mpaka zikamwisha kichwani, na gari nimelikabidhi bila mkwaruzo." Watu walichoka, wakaona wamwite hivyohivyo ili kufupisha mazungumzo. Yeye akadhani ni cheo. Akiitwa kwa mbali, aligeuka taratibu, kifua mbele, akainua mkono kama anayepokea saluti.

Tusimwonee, lakini. Dereva alikuwa dereva. Aliingia katika ofisi ile akiwa mwosha magari, suruali imekunjwa mpaka magotini na ndoo mkononi, na kwa kuosha na kuangalia, kuangalia na kuosha, akajua kurudisha gari nyuma kwenye banda ambalo wenye leseni zao waliacha rangi ukutani. Siku dereva wa mkurugenzi alipougua, yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu na ufunguo. Tangu siku hiyo hakushika tena mpira wa maji. Akaoa, akajenga, akamsomesha binti yake wa pekee, yote kwa usukani. Tuta gani liko wapi, shimo gani limeongezeka, mzunguko gani una wendawazimu saa za asubuhi, vyote alivijua kama anavyojua mfuko wa shati lake.

Madereva wa ofisi ile walikuwa na mtindo wao. Asubuhi, kabla wakubwa hawajafika, walikaguana. Usidhani walikagua breki au matairi. Hayo ni mambo ya mafundi. Walikagua dashibodi. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake laini na chupa yake ya mafuta ya kung'arishia, na duka alikoyanunua ilikuwa siri kubwa kuliko mshahara wake. Dashibodi isiyong'aa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Bila Mkwaruzo ndiye aliyekuwa bingwa wao. Dashibodi yake iling'aa hivi kwamba mkurugenzi, enzi zile alizokuwa bado na cha kuchana, alichana nywele akijitazama humo.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Akachukua kiinua mgongo chake, akaongeza na akiba, akanunua gari dogo la mtumba, la rangi ya fedha. Lilikuwa gari zuri, halina neno, isipokuwa ndani. Ndani dashibodi ilikuwa na rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Mkewe alisema inapendeza. Yeye akaguna, akatoa kitambaa, akatoa chupa, akaanza kazi. Kila asubuhi, gari liwe na safari lisiwe na safari, utamkuta amejikunja kwenye kiti cha mbele, matako nje, anasugua. Ikang'aa. Ikang'aa mpaka jua likipiga, kwenye kioo cha mbele inatokea dashibodi ya pili, nyeupe pee, inaelea juu ya barabara.

Halafu ikaanza mikwaruzo.

Wa kwanza ulikuwa wa geti la nyumbani. "Nani kalisogeza hili geti?" alifoka, na geti lilikuwa palepale tangu nyumba ilipojengwa, amelisimamisha yeye. Likafuata pipa la maji la jirani, ambalo kwa maelezo yake liliwekwa kihuni. Kikafuata kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kilichobaki kwenye nguzo ya taa. Hapo alieleza kwa kirefu jinsi nguzo za siku hizi zinavyojengwa bila kumfikiria dereva. Kila tukio lilikuwa na mkosaji wake, na mkosaji kamwe hakuwa ameshika usukani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba mchana kutwa, na hakuona haya kuivaa anapotunga uzi kwenye sindano, wala kuivua anapotaka kumkazia mumewe macho. Siku ya nguzo ya taa aliivua.

"Baba watoto, hayo ni macho."

"Macho ya nani?"

"Yako. Ya nguzo hayana shida."

"Macho haya?" Bila Mkwaruzo akajishika kope kwa vidole, akazivuta juu na chini kama anayemwonyesha daktari. "Macho yaliyomwona ng'ombe gizani, kwenye kona, nikiwa na mkurugenzi kalala nyuma? Ng'ombe mweusi!"

"Huyo ng'ombe keshakufa kwa uzee," mkewe akasema. "Twende ukapimwe. Kupima si kukatwa."

Hakutaka. Miwani, kwa maoni yake, ni ya watu wa kusoma na watu wa kushona. Dereva akivaa miwani ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba kazi imemshinda. Aliwahi kumcheka dereva mwenzake kwa hilo mpaka maskini akaomba kuhamishiwa stoo. Mtu aliyecheka namna ile anaanzaje kwenda kukaa kwenye benchi la daktari wa macho? Akatafuta sababu nyingine. Alilaumu jua. Alikilaumu kioo, akakisafisha kwa magazeti, akakilaumu tena. Mchana mmoja, amesimama kwenye taa za barabarani huku wa nyuma yake wakimpigia honi kwa kuwa taa zilishabadilika rangi, ndipo alipoiona ile dashibodi ya pili ikielea kiooni. Akapiga usukani kofi.

"Kumbe ni wewe!" akaiambia.

Alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeshinda rufaa. Lo, alivyoeleza! Mwanga unapiga dashibodi, dashibodi inarudisha kiooni, kioo kinamziba dereva. Jambo la kisayansi kabisa. Magari ya wakurugenzi yana dashibodi nyeusi kwa nini? Si bure! Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama dashibodi ndiyo iliyomzuia juzi kumtambua shemeji yake mwenyewe sokoni, walipokutana kwa miguu. Bila Mkwaruzo akajitia hamnazo.

Yote hayo yangebaki kuwa kelele za mume na mke, kama isingekuwa mimba ya binti yao. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mtoto atakayezaliwa ndiye atakuwa mjukuu wa kwanza. Tangu tumbo halijaonekana, Bila Mkwaruzo alikuwa ameshatangaza mtaa mzima: siku ya kutoka hospitali, huyo mgeni atachukuliwa na babu yake, kwenye gari la babu yake, na babu yake kwenye usukani. Hakuwa na lingine alilolitaka duniani. Wengine wanatamani kwenda ng'ambo. Yeye alitamani kilomita chache zile, mwendo wa pole, na kichanga kiti cha nyuma.

Basi binti akaja siku moja na tumbo lake, akakaa, akazungukazunguka na maneno, mwisho akayatoa.

"Baba, nilikuwa nafikiri siku hiyo mume wangu aendeshe. Wewe ukae nyuma na mimi, utulie."

Ungedhani amemwambia akalale kwenye banda la kuku.

"Yule? Yule aendeshe gari langu?"

Mkwe alikuwa karani wa bohari, kijana mpole, na kosa lake kubwa ni kwamba alijifunza gari kwenye shule ya udereva. Usukani aliushika kwa mikono miwili kama kwenye picha ya kitabu. Aliangalia vioo kila baada ya pumzi, ungedhani anafuatwa na wadai. Alisimama hata pale ambapo hakuna mtu wala mbuzi, eti kibao kimesema simama. Bila Mkwaruzo alishapanda gari na yeye mara moja tu, akashuka na kichwa kinamgonga.

"Nitambeba begani na kutembea kwa miguu, kuliko yule amwendeshe mjukuu wangu," akasema.

Hapo mama mtu, aliyekuwa akikata kitambaa pembeni, akaweka mkasi chini.

"Na mimi nasema hivi. Mtoto yule hapandi gari lako mpaka uende kwa daktari wa macho. Ukikataa, mkwe ataendesha, au tutakodi teksi, na wewe utatusubiri hapa hapa kizingitini kama jirani."

Akajua safari hii hakuna mzaha. Akaanza kupatana kama mtu wa mnadani: si macho, ni dashibodi, basi abadilishe dashibodi kwanza, iwe nyeusi, ikiwa nyeusi na bado akagonga hata kokoto, ataenda kwa daktari mwenyewe bila kusukumwa. Mkewe alikuwa ameishi na kichwa kile tangu ujana na alijua mlango wake unafungukia wapi.

"Haya," akasema. "Ibadilishe. Halafu tuone utamlaumu nani."

Fundi wa kubadilisha mambo ya ndani ya magari alikuwa na uwanja nyuma ya kituo cha mafuta. Viti vya magari vilipangwa nje kwa safu, vinaota jua, kama vinasubiri mkutano. Milango imeegemezwa ukutani. Harufu ya gundi na ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilikupokea kabla ya fundi mwenyewe. Walimwita Mpambe. Alikuwa mtu wa maneno mengi na saa chache. Kazi aliijua kweli, shida ilikuwa kumpata akiifanya.

"Mzee wangu, umefika," akasema Mpambe, akaingiza kichwa ndani ya gari, akaguna, akapitisha kidole juu ya dashibodi. Kidole kikateleza mpaka mwisho wa upande wa pili. Akakitazama, akakinusa. "Samahani, mzee. Hii dashibodi umeipaka mafuta au umeikaanga?"

"Hiyo ni kazi ya mikono ya kitaalamu, kijana."

"Naona. Sasa rangi haitashika hapa. Rangi na mafuta havikai nyumba moja. Itabidi tuioshe mpaka isahau ilikotoka."

Akaletewa kibao cha rangi achague. Bila Mkwaruzo alikishika mbali na uso, akakileta karibu, akakirudisha mbali, akakuna kidevu kama mnunuzi wa almasi, kisha akatia kidole.

"Nataka hii nyeusi hapa. Nyeusi ya mkurugenzi."

Mpambe akachungulia.

"Hiyo ni kahawia, mzee."

"Najua! Nakupima wewe," akasema Bila Mkwaruzo bila kupepesa. Ila kidole chake kikahamia kwenye rangi ya jirani bila uhakika wowote. Safari hii kwa bahati ilikuwa nyeusi.

Mpambe akasema gari litakuwa tayari kesho asubuhi. Watu wazima wanajua kesho asubuhi ya fundi inavyokuwa. Bila Mkwaruzo naye alijua, lakini alikwenda, na kesho yake akakuta dashibodi ina vidonda. Rangi ya msingi ilikuwa imepulizwa, na kila mahali mafuta yalipokuwa yamejificha ilikimbia pembeni, ikaacha vitobo vitobo kama uso wa aliyeugua ndui. Mpambe alikuwa anaifuta yote kwa kitambaa chenye tina, anatukana kwa sauti ya chini ili asimkosee adabu mteja.

"Uliipaka miaka mingapi, mzee?"

"Kila siku ya Mungu."

"Naamini. Imeingia mpaka mifupani."

Ikaoshwa kwa sabuni, ikasuguliwa kwa msasa, ikafutwa, ikaoshwa tena. Bila Mkwaruzo alivuta kiti kimojawapo kati ya vile vinavyosubiri mkutano, akakaa kutazama jasho lake la miaka likitiririka kwenye ndoo. Iliuma, usicheke. Alipoambiwa kwamba rangi mpya itakuwa isiyong'aa, kavu, imekufa kabisa, aliruka.

"Isiyong'aa? Dashibodi isiyong'aa? Watu watasema nini?"

"Mzee wangu, si ulisema inakurudishia mwanga kiooni?"

"Ndiyo."

"Kinachorudisha mwanga ni kung'aa. Ukitaka nyeusi inayong'aa nitakupa, lakini utarudi hapa kulalamika."

Alikuwa amebanwa na sayansi yake mwenyewe. Mpambe akafunika vioo kwa magazeti, akabandika karatasi ukingoni mwa kila kitu, akavaa barakoa, akashika bomba la rangi. Na hapo, tumpe haki yake, domo likaisha ikabaki kazi. Alipuliza kwa mkono mwepesi, akaacha ikauke, akapuliza tena. Siku Bila Mkwaruzo alipoitwa kuchukua gari, hakuamini. Dashibodi ilikuwa nyeusi tii kutoka mlango hadi mlango, haina alama ya brashi, haina kidonda, imetulia. Ungeapa imetoka hivyo kiwandani.

"Kaa ndani," Mpambe akasema, anajidai sasa, mikono kiunoni. "Geuza gari lielekee jua. Angalia kioo. Unaona dashibodi humo?"

"Sioni."

"Hata kivuli?"

"Hata kivuli! Sioni kitu! Sioni kitu kabisa, kijana, umeua!"

Na alikuwa anasema kweli kuliko alivyojua.

Nyumbani mkewe alivaa miwani, akaingia ndani ya gari, akaikagua kazi kwa jicho la mtu anayejua mshono. Akakubali kwamba fundi ni fundi. Kisha akafungua kisanduku cha mbele, akaitoa ile chupa ya mafuta na kitambaa chake, akaondoka navyo bila kueleza.

Wakafanya safari ya majaribio, wao wawili, mpaka sokoni na kurudi. Alipunguza mwendo kabla ya kila tuta, alikwepa kila shimo, aliingia getini bila kugusa upande wowote. Ile njia aliipita tangu haijawekwa lami. Angeweza kuipita amefumba macho, na kusema kweli ndivyo alivyokuwa anafanya, au karibu na hapo. Alipozima injini akamgeukia mkewe, meno yote nje.

"Enhe? Sema sasa. Macho au dashibodi?"

Mkewe alikuwa amekaa safari nzima kashika mlango, na hakuna kilichotokea. Akakubali shingo upande.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Mama mtu alilala hospitali na bintiye, mkwe naye alishinda huko akibeba chupa na mashuka, na asubuhi ya kuruhusiwa kutoka Bila Mkwaruzo akapiga simu kwamba yuko njiani, wajiandae, wasimsimamishe sana maana eneo lile halina maegesho. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, lile jeupe la enzi za mkurugenzi. Jua lilikuwa limechomoza kwa nguvu, la kumtazama usoni, na kioo kikabaki safi. Aliendesha huku akiimba kwa pua. Furaha ilimjaa mpaka akampisha mwendesha pikipiki mmoja, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya.

Mbele ya hospitali palikuwa na kibanda kirefu cha kusubiria magari, na watu walikuwa wengi. Akapunguza mwendo, akatazama. Aliona rangi. Kulikuwa na bluu, kijani, nyeupe za wauguzi, rangi zimesimama, rangi zimekaa, na hakuna hata moja iliyokuwa na sura. Hawajatoka, akajiambia, wanawake bwana. Akaenda mbele, akageuza, akarudi polepole. Bado. Akageuza tena, akaegesha pembeni, akaacha injini inanguruma. Simu ikalia.

"Uko wapi?" mkewe akauliza.

"Niko hapa nje nawasubiri ninyi. Hamjamaliza tu kufunga hayo mabegi?"

"Tulishatoka zamani. Umetupita."

"Mimi? Nimpite nani?"

"Umetupita mara mbili, baba watoto. Na mara zote mbili nimepunga mikono mpaka watu wamenishangaa."

"Acha utani. Mko upande gani?"

"Tuko mbele yako. Mbele ya gari, hapo ulipo sasa. Angalia."

Akaangalia. Akakaza macho mpaka yakamchoma. Palikuwa na ukuta, au lori, au ukuta. Palikuwa na nguzo. Palikuwa na kitu cha njano kimesimama ukingoni mwa barabara.

"Hapa mbele hakuna mtu," akasema. "Kuna bango la njano tu."

Alisikia magari yakipita kule upande wa mkewe, na palepale akayasikia yakipita upande wake.

"Hilo bango," sauti ikasema taratibu, "ni mimi. Nimevaa gauni la njano ili unione."

Bila Mkwaruzo akashusha simu. Jambo la kwanza alilofanya, msimcheke, ni kuitafuta dashibodi kiooni. Aliitafuta kwa hamu ya mtu aliyepotelewa. Aliinamisha kichwa huku, akainamisha kule. Angetoa chochote aone hata ukungu kidogo wa ile rangi ya chai, kitu cha kuweza kukinyooshea kidole. Akatoa leso, akafuta kioo. Hakikuwa na doa. Mpambe, mlaaniwa yule, alikuwa amefanya kazi ya kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwacha hana hata pa kujificha.

Na hapo ndipo woga ulipomwingia. Si woga wa mkewe, si wa kuchekwa. Aliwaza: je, kama wangeteremka barabarani? Watu si huteremka, wakiona gari lao linawapita, wakaingia njiani kulisimamisha? Binti yake angeteremka, na kichanga kifuani, akijua anayekuja ni baba yake. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono mpaka ikagoma. Akateremka.

Alitembea kuelekea kwenye lile bango, mkono mmoja juu ya boneti kama mgonjwa. Bango likaota mikono. Likaota kichwa. Alipofika karibu likawa mke wake, machozi yanamtiririka. Nyuma yake alisimama mkwe, mabegi mabegani, anatazama chini kwa adabu.

"Shikamoo, baba," mkwe akasema.

"Marahaba. Weka mabegi chini. Shika." Akamtia ufunguo mkononi.

"Baba, mimi..."

"Endesha. Hivyohivyo unavyoendesha. Simama kila kwenye kibao." Watu wa kibandani walikuwa wameshageuza shingo, wengine ni wa mtaani kwake, wanamjua jina. Hakupunguza sauti. "Sikuwaona. Nimewapita mara mbili, na sikuwaona."

Mkewe akamshika kiwiko. "Kesho asubuhi," akasema.

"Si kesho. Leo, wakifika nyumbani salama."

Binti, aliyekuwa kando ya mumewe, akasogea mbele ya baba yake, akafunua kidogo shuka juu ya uso wa mtoto, akamnyooshea.

Bila Mkwaruzo akainama. "Sogeza," akasema. Binti akasogeza. "Sogeza tena, mwanangu, usinionee haya." Akasogeza mpaka pumzi ya mtoto ikamgusa babu yake puani, na hapo ndipo alipomwona.